Mnara Unapoanza Safari: Vituo Tembezi vya Mawasiliano na Maswali ya Kujibiwa Mapema

Na Mwandishi Wetu

Tangu huduma ya simu za mkononi ilipoingia nchini katika miaka ya 1990, kanuni moja haijabadilika: mnara husimama, mtumiaji hutembea. Leseni za watoa huduma, vibali vya ujenzi, ramani za usikivu na hata hotuba za viongozi kuhusu upatikanaji wa mawasiliano vijijini vimejengwa juu ya kanuni hiyo. Mwananchi anayeuliza kama kijiji chake kimefikiwa huonyeshwa mnara juu ya kilima, na mnara huo atakapoamka kesho utakuwa pale pale.

Kanuni hiyo imeanza kulegea. Katikati ya mwaka 2024, ushirikiano wa kimataifa unaoandaa viwango vya mitandao ya simu, unaojulikana kwa kifupi kama 3GPP, ulikamilisha toleo la 18 la viwango vyake. Miongoni mwa mambo mapya katika toleo hilo ni utaratibu wa kiufundi unaokiwezesha kituo cha kurushia mawimbi cha teknolojia ya kizazi cha tano, yaani 5G, kufungwa kwenye basi, treni au chombo kingine na kuendelea kuhudumia simu huku chombo hicho kikiwa safarini. Toleo la 16, lililokamilika mwaka 2020, lilikwishaweka msingi kwa vituo vinavyopokea mawasiliano kutoka mnara mkubwa kwa njia ya mawimbi na kuyasambaza upya, lakini vituo hivyo vilitakiwa kusimama mahali pamoja. Kilichoongezwa sasa ni mwendo.

Kwa mhandisi hilo ni badiliko la kiufundi. Kwa mwananchi anayefuatilia miradi ya mawasiliano, ni jambo lenye uzito zaidi, kwa sababu linagusa maana ya neno "kufikiwa".

Mfano ulio karibu nasi ni treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni, 2024, zikafuatiwa na zile za Dodoma mwezi uliofuata, na tarehe 1 Agosti, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua rasmi huduma hiyo. Treni hizo zimesanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Mwendo huo ni sawa na mita 44 hivi kwa sekunde. Tuchukulie kwamba mnara mmoja kando ya reli unahudumia eneo lenye upana wa kilomita sita. Treni italikata eneo hilo kwa muda unaozidi kidogo dakika mbili, kisha kila simu iliyomo ndani italazimika kukabidhiwa kwa mnara unaofuata.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mitandao ya simu ilisanifiwa kwa kudhani kwamba watumiaji huvuka mipaka ya minara mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Treni yenye abiria 500 huvusha simu 500 kwa wakati mmoja. Minara miwili inayopakana hulazimika kubadilishana ujumbe wa makabidhiano kwa simu zote hizo ndani ya sekunde chache, na zile zinazochelewa hukatika. Kisha zoezi lilelile hurudiwa dakika mbili baadaye, na tena, hadi mwisho wa safari. Abiria aliyewahi kupoteza mazungumzo mara nne katika safari moja na kuilaumu simu yake, huenda aliionea.

Tatizo la pili ni behewa lenyewe. Mwili wa behewa ni metali, na vioo vya vyombo vingi vya kisasa hupakwa utando mwembamba sana wa metali ili kuzuia joto la jua. Utando huo hauchagui. Huzuia joto, na huzuia pia mawimbi ya redio. Kioo cha namna hiyo kinaweza kupunguza nguvu ya mawimbi kwa desibeli 20 hadi 30, maana yake ni kwamba kinachopenya ni sehemu moja ya mia, au hata moja ya elfu, ya kilichofika nje. Simu ya kawaida hairuhusiwi kurusha mawimbi kwa nguvu inayozidi takriban miliwati 200. Ikijikuta ndani ya sanduku la metali hupandisha nguvu hiyo hadi kikomo chake, betri ikaisha haraka, na bado sauti ya abiria ikamfikia mwenzake kwa vipande vipande.

Kituo tembezi hutatua matatizo yote mawili kwa pamoja. Antena huwekwa juu ya paa la treni, nje ya sanduku la metali, ikitumia umeme wa treni yenyewe badala ya betri ndogo ya mfukoni. Antena hiyo ndiyo inayozungumza na minara iliyo njiani. Ndani ya mabehewa huwekwa vifaa vidogo vinavyozihudumia simu kwa umbali wa mita chache. Simu hubaki zimeshika kituo kilekile kilicho ndani, na anayekabidhiwa kutoka mnara hadi mnara ni mmoja tu: treni. (Mawasiliano ya kuongozea treni yenyewe ni jambo jingine na yana mfumo wake, mjadala huu unahusu abiria.)

Wapo watakaosema kwamba hilo si jipya, kwa kuwa mabasi ya mikoani yamekuwa yakitangaza intaneti ya bure kwa miaka mingi. Tofauti ipo, na ni kubwa. Kile kifaa cha ndani ya basi ni mteja wa kampuni ya simu kama mteja mwingine yeyote. Kimewekewa laini na kinagawa kifurushi chake kwa abiria. Simu ya kawaida ya sauti haipiti humo, na mwenye kitochi hana faida nacho. Kituo tembezi kinachozungumziwa katika viwango vipya ni sehemu ya mtandao wenyewe. Mtandao ndio unaokiidhinisha kufanya kazi au kukikatalia, na kwa simu ya abiria hakitofautiani na mnara: namba ni ileile, malipo ni yaleyale, na simu ya dharura hupita. Ni kweli kwamba viwango hivyo vimeandikwa kwa ajili ya 5G, hivyo mwenye kitochi hatanufaika kwa njia hiyo moja kwa moja isipokuwa kama vifaa vya teknolojia za awali vitafungwa sambamba. Jambo hilo linapaswa kusemwa wazi siku huduma hizo zitakapotangazwa.

Sasa tuangalie upande ambao matangazo ya biashara huwa yanaupita haraka. Kituo tembezi hakizalishi mawasiliano. Hakina mkongo nyuma yake. Kila kinachompa abiria kimekipata kutoka mnara uliosimama mahali fulani, na mnara huo nao umeunganishwa na Mkongo wa Taifa au na njia nyingine ya kudumu. Pale ambapo antena ya paani haisikii mnara wowote, abiria pia hawatasikia chochote, hata kama kifaa kilicho juu ya vichwa vyao kinawaka taa. Katika mahandaki ya reli milimani Kilosa, kwa mfano, kituo cha juu ya treni peke yake hakiwezi kusaidia. Mawimbi hayapenyi mwamba, na dawa yake ni kupitisha ndani ya handaki nyaya maalumu zinazovujisha mawimbi, au kuweka antena humohumo.

Zaidi ya hapo, kituo kinachopokea na kusambaza kwa masafa yaleyale hulazimika kugawa muda wake: kwa kitambo fulani kinasikiliza mnara, kwa kitambo kingine kinazungumza na simu. Uwezo wake hupungua kwa sababu hiyo. Na viwango vya toleo la 18 havikiruhusu kituo tembezi kimoja kuwa ngazi ya kingine. Mnyororo wa mabasi yanayopokezana mawimbi hadi kijiji cha mbali, wazo ambalo huvutia sana kwenye michoro, haumo katika kile kilichoidhinishwa.

Hoja hii ndiyo yenye uzito kwa nchi kama yetu. Tarehe 13 Mei, 2023, jijini Dodoma, Rais Samia alishuhudia utiaji saini wa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, kazi inayosimamiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, kwa kushirikiana na kampuni za simu. Mantiki ya Mfuko huo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ni nyepesi kuieleza. Yapo maeneo ambayo kampuni ya biashara haiwezi kuyaendea kwa hiari kwa sababu wateja ni wachache na gharama ni kubwa. Serikali hutoa ruzuku ili mnara usimame huko hata kama hesabu ya faida inakataa.

Ukiitazama mantiki hiyo kwa makini, utaona kwamba kutohama kwa mnara ni sehemu ya thamani yake. Mnara uliosimikwa kwa zege katika kata ya pembezoni hauwezi kuondoka usiku kuwafuata wateja wengi zaidi mjini. Fedha ya umma ikishazama kwenye zege hilo, imezama kwa ajili ya watu wa kata ile. Kifaa chenye magurudumu hakina dhamana hiyo. Kinaweza kuzinduliwa Jumatatu mbele ya wananchi, na kufikia mwezi unaofuata kikawa kimehamishiwa kwenye barabara yenye abiria wengi, bila sheria yoyote ya ujenzi kuvunjwa, kwa kuwa hakuna kilichobomolewa.

Kwa hiyo kituo tembezi kinafaa kuhesabiwa kwa hesabu yake, na siyo kuchanganywa na minara. Basi linalopita kijijini saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni haliwezi kusemwa kuwa limekifikishia kijiji huduma. Mama mjamzito anayepata uchungu saa saba usiku hatalisubiri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imekuwa ikitoa kila robo mwaka takwimu za sekta, nazo zimekuwa chombo kizuri kwa wananchi na waandishi wa habari kupima ahadi kwa vipimo. Vituo tembezi vitakapoanza kutumika, takwimu hizo zitahitaji safu mpya: eneo linalopata huduma saa 24, na eneo linalopata huduma pale chombo kinapopita.

Hayo hayaondoi manufaa ya vituo tembezi mahali panapovistahili, na historia ya karibuni inatoa mafunzo. Jirani zetu wa Kenya waliwahi kuwa na minara iliyoelea angani. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet ya Marekani, ilianza kwa kushirikiana na Telkom Kenya kutoa huduma ya kibiashara ya intaneti kwa kutumia maputo yapatayo 35 yaliyoruka umbali wa kilomita 20 hivi kutoka ardhini na kuhudumia eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya nchi hiyo. Maputo hayo hayakuwa na injini. Yalipanda na kushuka kutafuta upepo unaoelekea upande yanakotaka kwenda, yakitumia nguvu ya jua. Kwa upande wa uhandisi lilikuwa jambo la kustaajabisha. Mwezi Januari 2021, chini ya mwaka mmoja baadaye, Alphabet ikatangaza kuifunga Loon kwa kuwa gharama hazikuweza kushushwa kufikia kiwango cha biashara inayojiendesha. Maputo yakashushwa. Vijiji vilivyokuwa chini yake vilibaki na kile vilichokuwa nacho kabla, kwa sababu uamuzi ulifanyika mbali na Nairobi, na juu ya ardhi ya Kenya hakukuwa na chochote cha kuuzuia.

Maputo hayohayo, hata hivyo, yalikuwa yamefanya kazi yenye heshima mahali pengine. Kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa cha Puerto Rico mwezi Septemba 2017, karibu minara yote ya simu ilizimika. Loon ilipeleka maputo, na kampuni ya AT&T ikarusha ndege isiyo na rubani iliyofungwa ardhini kwa waya mwembamba uliopeleka juu umeme na data, ikawa mnara wa muda wa urefu wa mita 60 hivi. Huo waya ndio siri ya mafanikio. Ndege isiyo na rubani inayotegemea betri pekee hukaa angani kwa dakika, si kwa siku. Yenye waya hukaa kwa muda mrefu, mradi jenereta chini lina mafuta.

Nasi tumepata maafa yetu. Tarehe 3 Desemba, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliangukia mji wa Katesh na vitongoji vyake, watu wakapoteza maisha na barabara zikafunikwa. Katika saa za kwanza za tukio la aina hiyo, mawasiliano ndiyo yanayoelekeza waokoaji wapi pa kuchimba. Kituo cha mawasiliano kilicho juu ya gari, chenye jenereta na kiungo cha setilaiti, ni chombo cha uokoaji kama lilivyo gari la zimamoto. Lakini ni lazima kiwe kimeegeshwa mahali ambapo kitafika kabla ya giza. Gari moja lililopo Dar es Salaam lina msaada mdogo kwa Manyara au Kyela siku ya kwanza. Mjadala wa vituo tembezi kwa ajili ya maafa kwa hiyo ni mjadala wa maegesho, mafuta, madereva na mafundi wa zamu, kuliko ulivyo mjadala wa 5G.

Kwa mikusanyiko mikubwa hesabu ni rahisi zaidi. Uwanja wa Benjamin Mkapa hubeba watu 60,000. Minara ya kudumu ya kuwahudumia wote kwa saa tatu, kisha ikae bila kazi wiki nzima, ni matumizi mabaya ya fedha. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo Tanzania imepewa kuziandaa pamoja na Kenya na Uganda, ni mahali pa asili pa kutumia vituo vya magurudumu vinavyowasili kabla ya mechi na kuondoka baada yake.

Katikati ya hayo mawili kuna mabasi ya mijini. Waandaaji wa viwango walipokuwa wakijadili vituo tembezi, basi lenye njia maalumu na ratiba lilikuwa miongoni mwa mifano yao mikuu, kwa sababu mtandao huweza kujua mapema litakuwa wapi. Mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, una sifa hiyo: njia yake ni yake, na huenda mahali ambapo watu wamejaa. Basi lililosimama kituoni linaweza kumhudumia aliye ndani na hata anayepita kando yake. Changamoto huja usiku. Mabasi mengi yakilala karakana moja, vituo vingi vya mawimbi hukusanyika mahali ambapo hakuna anayevihitaji, vikiingiliana, wakati mitaa iliyovizoea mchana imebaki bila msaada. Huu ni ufafanuzi mdogo, lakini ndio unaoonyesha kwa nini kituo cha basi kinaweza kuipunguzia minara mzigo bila kuchukua nafasi yake.

Yapo pia masuala ya kiutawala ambayo hayasubiri teknolojia iwasili ndipo yaanze kushughulikiwa.

La kwanza ni simu za dharura. Mwananchi anapopiga 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akiwa na simu isiyo na uwezo wa kubaini eneo kwa setilaiti, dalili ya kwanza ya mahali alipo ni mnara uliopokea simu yake. Dalili hiyo ina maana kwa sababu mnara uko kwenye ramani. Kama mnara wenyewe ni treni, ramani itasema kituo kimesajiliwa Dar es Salaam ilhali abiria anayeomba msaada yuko kati ya Gulwe na Igandu. Viwango vipya vimeweka njia ya kituo tembezi kuuarifu mtandao mahali kilipo kila wakati. Njia hiyo itamsaidia mwananchi ikiwa tu kampuni imeiwasha, na wanaopokea simu za dharura wana mfumo wa kuisoma. Ni sharti la kuandikwa kwenye leseni, siyo la kuachwa kwenye hiari.

La pili ni utambulisho. Kila eneo la mnara wa 5G hubeba namba ya utambulisho kati ya namba 1,008 zilizopo, na wapangaji wa mtandao huhakikisha minara jirani haifanani namba. Kituo kinachotembea hupita katika ujirani mpya kila baada ya dakika chache, na siku moja kitakutana na mwenye namba kama yake. Simu zikashindwa kutofautisha nani ni nani. Dawa ni kituo kubadili namba kikiwa njiani, kazi ambayo mtandao unaweza kuifanya wenyewe ndani ya kampuni moja.

Mpaka wa nchi ni mgumu zaidi. Treni ya TAZARA hutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, safari ya kilomita 1,860. Masafa ambayo kampuni imepewa na TCRA ni haki yake ndani ya Tanzania tu. Kituo tembezi kikivuka Tunduma kikiwa kinarusha mawimbi, kinakuwa kimeingia katika masafa ya mtu mwingine, kwenye nchi nyingine, chini ya mdhibiti mwingine. Ama kizimwe mpakani, ama kuwe na makubaliano kati ya wadhibiti wa pande mbili. Ziwa Victoria, ambalo mpaka wake hauna geti, lina swali hilohilo kwa meli. Reli ya SGR itakapoungana na Burundi kutoka Uvinza litakuwa swali letu la kila siku.

Na kuna usalama. Katika miaka ya karibuni, polisi wa nchi kadhaa wamekamata magari yenye vituo bandia vya mawasiliano. Jijini Paris, mwishoni mwa mwaka 2022, gari la aina hiyo lilibainika. Vifaa vyake vilikuwa vikijifanya mnara, vikizinasa simu zilizo karibu na kuzitumia ujumbe wa kitapeli uliodai kutoka mfuko wa bima ya afya wa Ufaransa. Mbinu hiyo hustawi zaidi kwenye teknolojia ya kizazi cha pili, ambamo simu hujitambulisha kwa mnara lakini mnara haulazimiki kujitambulisha kwa simu. Kuanzia kizazi cha tatu, simu hudai uthibitisho wa mtandao. Kwetu, ambako kizazi cha pili bado kinatumiwa na wengi na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ni kero inayojulikana, jambo hili si la mbali. Hadi sasa askari au mkaguzi akikuta mnara ndani ya gari la mtu binafsi, jambo hilo pekee ni sababu ya kuuliza maswali. Pindi vituo tembezi halali vitakapokuwa barabarani, kuliona gari lenye antena hakutatosha. Itahitajika orodha ya vyombo vilivyosajiliwa, inayoweza kuhakikiwa papo hapo na mkaguzi aliye njiani. Kwa sasa mwananchi anayepokea ujumbe wa kitapeli anaendelea kushauriwa kuuripoti kwa kuituma namba ya tapeli kwenda 15040 bila malipo.

Kwa kuzingatia hayo yote, mahali pa kuanzia panaonekana kuwa reli kuliko barabara. Treni ya SGR ina njia moja, umeme wa uhakika, ratiba, mmiliki mmoja ambaye ni Shirika la Reli Tanzania, na haijavuka mpaka. Kampuni za simu zinaweza kukubaliana kutumia kwa pamoja kifaa kimoja cha paani, kama ambavyo zimekwishazoea kupanga katika minara ya pamoja, badala ya kila moja kufunga antena yake. Masharti ya simu za dharura yanaweza kujaribiwa humo kabla ya kupelekwa kwenye maelfu ya mabasi. Na kwa kuwa treni inahitaji minara imara kando ya reli ili antena yake isikie, vijiji vilivyo kando ya njia vitafaidika na minara hiyo hata treni ikishapita.

Mjadala wa angani nao unaendelea. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliainisha baadhi ya masafa ya simu chini ya gigahezi 2.7 yaweze kutumiwa na vituo vinavyoelea katika tabaka la juu la anga, kati ya kilomita 20 na 50. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliidhinisha mwongozo wa kizazi cha sita, ukiutaja usambazaji wa mawasiliano kila mahali kuwa mojawapo ya malengo sita ya matumizi yake. Mkutano unaofuata, uliopangwa kufanyika Shanghai mwaka 2027, utajadili masafa ya setilaiti zinazozungumza moja kwa moja na simu ya kawaida ya mkononi. Nchi za Afrika huandaa misimamo yao ya pamoja kupitia Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, na ni katika vikao hivyo vya maandalizi ndipo Tanzania inaweza kuweka mezani swali la nani atawajibika kwa mwananchi pale mnara wake utakapokuwa angani, chini ya leseni ya nchi nyingine.